Siku Ambazo Mji Hauna Mwenyewe

Soko la Keroka limekaa mpakani. Upande mmoja ni Kisii na upande mwingine ni Nyamira, na tangu kaunti zianze mwaka 2013 wakubwa wa pande hizo mbili wamebishana mara nyingi juu ya nani atoze ushuru wapi. Kwa hiyo watu wa hapo hawana haja ya kufundishwa kwamba mstari usioonekana kwa macho waweza kuingia mfukoni mwa mwuza ndizi. Lakini mazungumzo yanapogeukia mipaka ya mbali, wajuzi hao hao hugawanyika kwa njia rahisi mno. Habari zikifika kwamba ndege za Marekani zimepiga tena katika Somalia, wako wasemao kwamba Marekani ni taifa lenye nguvu kupita yote, na kama lingetaka kweli kuwamaliza Al-Shabaab lingewamaliza kwa juma moja. Wako nao wasemao kwamba Mmarekani hana haja huko, na arudi kwake, Wasomali wapatane wenyewe kwa wenyewe.

Wote hao huuliza neno moja tu, yaani kama jeshi kubwa liingie au litoke. Ni mara chache mtu kuuliza habari za zile siku za katikati, wakati jeshi moja limekwisha kutoka na jingine halijafika, wala serikali haimo, na mwenye duka hulala bila kujua asubuhi ataamkia bendera gani. Walakini siku za namna hiyo huweza kumletea raia madhara kuliko siku ya mapigano yenyewe. Ushahidi wa jambo hili haukai Mogadishu peke yake. Uko Kisii, katika mji wenyewe, na mwaka wake ni 1914.

Wakati ule Kisii ilikuwa boma changa, na wengi waliita mahali pale Getembe, au Bosongo, kwa maana ya mahali pa Wazungu. Serikali ya Waingereza ilikuwa imeingia nchi ya Wagusii kwa nguvu mara mbili, mwaka 1905 na tena mwaka 1908. Mara ya pili ilikuwa baada ya Otenyo kumchoma mkuki Bwana Northcote, mtawala wa hapo, ambaye watu walimwita Nyarigoti. Bwana huyo alipona, akaendelea na kazi yake ya serikali katika nchi mbalimbali, hata mwisho akawa Gavana wa Hong Kong. Lakini huku nyuma nyumba zilichomwa, ng'ombe wakachukuliwa, na watu wengi wakauawa. Habari za mauaji hayo zilipofika London, Winston Churchill, aliyekuwa waziri mdogo katika Ofisi ya Makoloni, aliandika kuuliza kama ilikuwa lazima kuendelea kuwaua watu wasio na kinga kwa wingi namna ile. Yafaa jambo hilo likumbukwe, maana si wakubwa wote wa dola walioona kwamba kila risasi ilikuwa ya haki.

Basi ilipofika 1914 ilikuwa imepita miaka sita tu. Mtoto aliyezaliwa wakati wa moto ule ndiyo kwanza alianza kuchunga mbuzi.

Nchi ya jirani, upande wa kusini, ilikuwa ya Wajerumani. Mpaka ulikuwa umepigwa kwa rula juu ya karatasi, kutoka Ziwa Victoria kuelekea Kilimanjaro, nao uliwakata Wakuria vipande viwili, ndugu mmoja huku na ndugu mwingine kule. Boma la Wajerumani lililokuwa karibu lilikuwa Shirati, kando ya ziwa. Kwa kawaida mambo ya Shirati hayakumhusu Mgusii wa Kitutu wala wa Nyaribari. Aliyekuwa na ng'ombe wa kuuza au jamaa wa kutembelea upande ule alikwenda na kurudi.

Tarehe 4 Agosti 1914 Uingereza na Ujerumani zikaingia vitani kwa sababu za Ulaya, ambazo hata leo wenye elimu wanaandika vitabu vikubwa kuzieleza. Hakuna sababu hata moja katika hizo iliyotoka Kisii. Lakini Kisumu, bandari ya ziwani na mwisho wa reli itokayo Mombasa, haikuwa mbali, na jeshi litokalo Shirati kuelekea pande hizo halina budi kukutana na milima ya Wagusii. Mwanzo wa Septemba, kikosi cha Wajerumani chini ya Kapteni Bock von Wülfingen kilivuka mpaka. Walikuwa zaidi ya watu 300, Wazungu na askari Waafrika, nao walikuwa na bombomu na mzinga mdogo. Waingereza wa boma hawakuwa na jeshi la kuwazuia. Wakauacha mji, na Wajerumani wakaingia bila taabu.

Wakati huo askari wa King's African Rifles, ambao watu waliwaita Keya, walikuwa wamekwisha kuletwa kwa meli kutoka Kisumu, kisha wakapanda milima kwa miguu chini ya Kapteni Thorneycroft. Tarehe 12 Septemba wakafika juu ya kilima kinachoutazama mji, wakawaona Wajerumani chini yao, wakaanza kupiga. Mapigano yaliendelea kwa saa nyingi. Kapteni Thorneycroft aliuawa. Wajerumani nao walipoteza sehemu kubwa ya Wazungu wao, wengine wakafa na wengine wakajeruhiwa. Yafaa msomaji aangalie kwamba wengi wa waliokuwa wakipigana siku ile walikuwa Waafrika, kila mmoja akitumikia bendera ya mwenye kumlipa mshahara, na kwamba pengine askari wa upande mmoja na wa upande mwingine waliweza kusikilizana kwa Kiswahili.

Jioni ikatokea jambo ambalo katika vitabu vya vita huelezwa kwa mstari mmoja au miwili. Keya walipungukiwa na risasi, wakarudi nyuma kuelekea ziwani. Wajerumani hawakujua. Walihesabu maiti na majeruhi wao, wakaona hawawezi kukaa, nao usiku wakaondoka kurudi mpakani. Kila upande ulidhani umeshindwa, na mji ukabaki katikati bila mtu.

Hapo ndipo Wagusii wa karibu walipoingia. Walichukua vitu madukani, ofisini na katika nyumba za Wazungu, wala vituo vya misheni havikusalimika. Haifai kusema kwamba hawakuiba. Waliiba. Mwenye duka wa Kihindi aliyekimbia na familia yake, akarudi akakuta rafu tupu, alidhulumiwa kama vile mtu mwingine yeyote anavyodhulumiwa, wala haikuwa yeye aliyechoma nyumba za watu mwaka 1908.

Lakini mtu akitaka kuhukumu sharti kwanza atazame yale waliyoyaona watu wale kwa macho yao. Waliona serikali iliyowatoza kodi ya nyumba, iliyowaambia kwamba yenyewe haiondoki kamwe, imefunga mizigo ikaenda. Waliona Wazungu wakiuana na Wazungu, jambo ambalo walikuwa hawajapata kuliona. Tena kulikuwa na maneno ya zamani. Wazee walikumbuka Sakagwa, mwaguzi wa Kitutu, ambaye husemwa kwamba alitabiri kuja kwa wageni na pia kuondoka kwao. Na karibu na siku zile zile ilikuwa imeingia kutoka nchi ya Wajaluo dini ya Mumbo, iliyoanzishwa na Onyango Dunde wa Alego mwaka 1913, nayo ilifundisha kwamba Wazungu watatoweka na mali itarudi kwa wenyeji. Kwa mtu aliyesikia mahubiri hayo kisha akasimama kilimani na kuuona mji mtupu, isingekuwa rahisi kumwambia kwamba amekosea. Unabii ulikuwa umetimia mbele yake, na milango ya maduka ilikuwa wazi.

Waingereza walirudi upesi. Hawakuja na swali la nani alimwacha nani. Walikuja na hesabu ya vitu vilivyopotea. Kikosi kilipelekwa kuwaadhibu Wagusii, ng'ombe wakakamatwa, faini ikatozwa, na vijana wakapelekwa kazini. Na msomaji wa Kisii au Nyamira hana haja ya kuelezwa maana ya ng'ombe kukamatwa. Ng'ombe walikuwa ndio mahari. Kijana aliyekuwa ameahidiwa mke kwa ng'ombe wa dada yake alikaa bila mke, na ugomvi wa nyumba mbili uliweza kuendelea mpaka wajukuu. Nyumba iliyokuwa haikuchukua hata sufuria moja Getembe ililipa sawasawa na iliyochukua, maana faini ya namna ile haikwenda kwa mtu mmoja mmoja. Ilikwenda kwa ukoo.

Haya yote yalitokana na siku chache tu, siku ambazo wenye mji hawakuwamo. Waliouacha mji hawakulipa kitu. Wajerumani walioingia na kutoka hawakuja tena, na mwezi wa Januari 1915 Waingereza wenyewe wakaitwaa Shirati. Mwenyeji peke yake ndiye aliyekuwa hana mahali pa kurudi nyuma, kwa kuwa nyuma yake palikuwa nyumbani kwake.

Deni halikuishia hapo. Vita vilihitaji wapagazi, maana ng'ombe na nyumbu walikufa kwa ndorobo, na magari yalizama matopeni. Mwaka 1915 ikatolewa sheria ya kuwachukua watu kwa lazima, na mwaka 1917 wakachukuliwa kwa wingi kupita kiasi, Nyanza nzima pamoja na Gusii. Kikosi hicho kiliitwa kwa Kiingereza Carrier Corps, na jina lake limebaki hata leo katika Kariakor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam. Kutoka nchi hii peke yake, ambayo wakati huo ilikuwa bado haijaitwa Kenya, walikufa zaidi ya wapagazi 40,000, wengi kwa kuhara, homa na njaa, si kwa risasi. Jenerali von Lettow-Vorbeck aliweka silaha chini mwezi wa Novemba 1918 karibu na Abercorn. Kisha nchi ya jirani ikatiwa chini ya Waingereza, na ule mstari wa rula ukabaki pale pale ulipokuwa, sasa ukitenganisha mali ya bwana mmoja na mali nyingine ya bwana yule yule.

Mtu aliyeisha kusikia habari za Getembe aweza sasa kuifungua ramani ya Somalia akaisoma vizuri zaidi. Si kwamba mambo ni mamoja. Kisii ilikuwa chini ya serikali ya kigeni, na Somalia ni taifa huru tangu 1960. Tena ugonjwa wa Somalia haukuletwa wote na wageni. Jenerali Siad Barre alitawala kwa mkono mgumu tangu 1969, akazigonganisha koo, na alipokimbia Mogadishu mwezi wa Januari 1991 waliomfukuza walianza kupigana wao kwa wao. Hata hivyo, silaha zilizotumika katika ugomvi ule hazikuota shambani. Kwanza Urusi ya Kisovyeti ndiyo iliyompa Barre silaha, mpaka alipoishambulia Ethiopia kwa ajili ya Ogaden mwaka 1977. Warusi wakamwacha wakaenda upande wa Ethiopia. Marekani ikaja mahali pao, ikapatana naye kutumia bandari na uwanja wa ndege wa Berbera.

Marekani iliingia kwa jeshi kubwa tarehe 9 Desemba 1992, na wanamaji wake walipotua pwani ya Mogadishu walikuta wapiga picha wamekwisha kutangulia na taa zao. Haifai kuicheka kazi ile. Njaa ilikuwa kali mno, magenge yalikuwa yakiteka chakula cha msaada njiani, na askari zaidi ya 20,000 wa Marekani, pamoja na wa mataifa mengine, walizifungua barabara chakula kikafika. Wako watu walio hai leo kwa sababu ya barabara zile. Mbaya ni yale yaliyofuata. Kazi ya kulinda chakula iligeuka ikawa kazi ya kumwinda Jenerali Aidid. Mwezi wa Juni 1993 waliuawa askari 24 wa Pakistan. Mwezi wa Julai helikopta za Marekani zikaipiga nyumba walimokutana wazee na watu wa Aidid, na tangu hapo wengi waliokuwa hawampendi Aidid wakawa upande wake. Tarehe 3 na 4 Oktoba wakafa Wamarekani 18 na mamia ya Wasomali katika mitaa ya Mogadishu.

Wamarekani wakatoka mwezi wa Machi 1994. Mwaka mmoja baadaye Umoja wa Mataifa nao ukatoka, wanamaji wa Marekani wakirudi kidogo ili kuwalinda waliokuwa wakipanda meli. Wa mwisho walipoondoka, watu waliingia uwanja wa ndege na bandarini kuchukua kilichobaki, mabati, mbao, nyaya. Mgusii anayejua habari za babu zake hatashangaa kusikia hayo. Tofauti ni kwamba Getembe ilikaa bila mwenyewe kwa siku chache, na Mogadishu ilikaa hivyo kwa zaidi ya miaka kumi.

Mji usio na mwenyewe haukai mtupu. Katika Somalia nafasi ile ilijazwa kwanza na wakubwa wa silaha, kila mmoja na kizuizi chake barabarani, kisha na mahakama za Kiislamu, ambazo mwezi wa Juni 2006 ziliitwaa Mogadishu yote, na wafanya biashara wengi wakashukuru kwa kuwa vizuizi viliondolewa. Desemba ya mwaka huo huo jeshi la Ethiopia likaingia, Marekani ikiliunga mkono, na Januari 2007 ndege za Marekani zikapiga kusini, karibu na mpaka wa Kenya. Mahakama zikavunjika. Kikundi kimoja kilichokuwa ndani yao, kikali kuliko vingine, hakikuvunjika. Hicho ndicho Al-Shabaab. Ethiopia ikatoka mwaka 2009, na kikundi kile kikaingia katika miji mingi iliyoachwa.

Kenya iliingia mwezi wa Oktoba 2011, baada ya watu kutekwa nyara pwani na katika kambi za wakimbizi. Ililichukua Kismayo mwaka 2012. Malipo yake yanajulikana katika kila nyumba ya nchi hii: watu 67 katika Westgate mwaka 2013, na watu 148, wengi wao wanafunzi, katika Chuo Kikuu cha Garissa tarehe 2 Aprili 2015. Tarehe 15 Januari 2016 kambi ya Wakenya ya El Adde ilishambuliwa alfajiri, na Serikali haikutoa hesabu kamili ya waliokufa. Kwa mzazi, kunyamaza huko ni jambo zito. Mzee akijulishwa kifo cha mwanawe hupanga matanga na kuchimba kaburi kando ya nyumba, kama ilivyo desturi. Akiambiwa angoje, basi hungoja, na migomba huzaa mara mbili.

Lakini mara chache husemwa yaliyotokea baada ya El Adde. Katika siku zile zile Wakenya waliiacha El Adde na pia Badhadhe, na Al-Shabaab wakaingia. Majuma machache baadaye, mwanzo wa Februari 2016, askari wa Umoja wa Afrika walitoka katika mji wa Marka, ulio pwani, kusini ya Mogadishu. Al-Shabaab wakaingia wakapandisha bendera yao. Kesho yake askari wakaurudia mji.

Na afikiriwe mwanamke auzaye chai Marka. Jana aliwauzia askari wa Umoja wa Afrika. Leo mwenye bunduki ni mwingine, naye anataka kujua ni nani waliokuwa wakifanya biashara na wageni. Akifunga mlango ataonekana ana hatia, akiufungua na kumpa chai huyu mpya, basi kesho wale wa kwanza watakaporudi wataambiwa na jirani mwenye kinyongo kwamba bibi huyu aliwakaribisha adui. Hakuna jibu analoweza kulitoa likawa sahihi kwa siku zote tatu. Watu wa Kitutu mwaka 1914 walikuwa katika mtego wa namna hiyo, isipokuwa kwao kulikuwa na faini ya ng'ombe, na hukumu ya Al-Shabaab kwa mtu aitwaye mpelelezi ni kifo.

Marekani yenyewe imeendelea kuingia na kutoka. Mwezi wa Desemba 2020 Rais Trump aliamuru askari wapatao 700 watolewe Somalia, na Januari 2021 wakawa wametoka, wengine wakahamia nchi za jirani, Kenya ikiwa mojawapo. Mwezi wa Mei 2022 Rais Biden akakubali warudi, wasiofikia 500. Mwaka 2025, Trump akiwa amerudi madarakani, ndege zilianza kupiga kwa wingi zaidi. Sababu za mabadiliko hayo zatokana zaidi na siasa za Washington kuliko na mambo ya Marka au Badhadhe, kama vile sababu za Septemba 1914 zilivyotokana na Ulaya.

Kuhusu hesabu ya madhara, jambo moja ladhihirisha mengi. Kwa miaka mingi wakubwa wa jeshi la Marekani walisema kwamba mabomu yao katika Somalia hayakuua raia hata mmoja. Mwezi wa Aprili 2019 ndipo walipokiri kwa mara ya kwanza kwamba shambulio la mwaka uliotangulia, karibu na El Buur, liliwaua raia wawili, mwanamke na mtoto. Kukiri ni bora kuliko kukana, na taifa linaloandika makosa yake laweza kuulizwa. Al-Shabaab hawaandiki wala hawaulizwi. Walakini mwaka mzima kwa maiti mbili ni muda mrefu, na ndege isiyo na rubani haikai mahali ilipopiga hata wenye maiti wapate wa kumlalamikia.

Mtu wa Nyamira aweza kusema kwamba hayo yako mbali. Hayako mbali sana. Tarehe 5 Januari 2020 Al-Shabaab walishambulia uwanja wa ndege wa Manda, Lamu, ndani ya Kenya, ambao Wamarekani hutumia, wakaua Wamarekani watatu na kuteketeza ndege. Mwezi wa Septemba 2023 Kenya na Marekani zikatia sahihi mapatano ya ulinzi ya miaka mitano, na mwaka 2024 Marekani ikaihesabu Kenya kuwa miongoni mwa marafiki wake wakuu wa kijeshi walio nje ya umoja wa NATO. Ndiyo kusema kwamba Kenya si mtazamaji wa dola kubwa linaloingia kwa jirani. Nchi hii ni mlango wa kuingilia, na vijana wake huingia pia. Kila mara jeshi linapoandikisha, vijana wa Kisii na Nyamira hujipanga viwanjani tangu alfajiri, miguu mitupu, wapimwe meno na mbio. Hakuna aibu katika kazi hiyo. Mshahara wake umejenga nyumba nyingi za matofali na kusomesha wadogo wengi.

Umoja wa Afrika ulianza kazi yake Somalia mwaka 2007, ukaibadili jina mwaka 2022, na tena Januari 2025. Kila mara mpango ulikuwa askari wapungue na Wasomali wenyewe washike miji. Hilo ndilo jambo la haki, na hakuna njia nyingine ya kudumu. Swali ni namna ya kulitenda. Kambi ikifungwa, je, polisi wa Kisomali wamekwisha kufika kabla lori la mwisho halijaondoka? Wazee wa mahali wameambiwa siku? Aliyechota maji, aliyetafsiri, aliyepika, atakwenda wapi usiku ule? Na wanajeshi wakirudi, je, watamhukumu mwenyeji kwa yale aliyoyafanya wakati wao hawapo?

Maswali hayo si ya majenerali peke yao. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 240, yasema kwamba Baraza la Usalama wa Taifa laweza kupeleka majeshi nje ya nchi, au kukubali majeshi ya kigeni yakae ndani ya Kenya, kwa idhini ya Bunge. Kwa hiyo mbunge wa Kitutu, wa Bobasi, wa Mugirango au wa Borabu ana neno la kusema katika jambo hili, na mpiga kura aweza kumwuliza alipokuja kutafuta kura, pamoja na habari za barabara na bei ya majani ya chai. Tena yafaa amwulize kwa kusoma kifungu chenyewe. Kimetaja kupeleka, na kimetaja kukubali. Siku ya kutoka hakikuitaja.